MTOTO ASIYETULIA SI MTOTO MBAYA



Karibu kila kijiji kina mtoto wa namna hii. Anatumwa dukani kuleta chumvi, anarudi na habari za punda aliyeanguka njiani, na chumvi haipo. Anaanza kufua shati, analiacha ndani ya karai na kukimbilia mpira. Darasani anajibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuliuliza. Majirani wana majina yao: mtundu, kichwa ngumu, hasikii. Mama anasema, "Huyu mtoto amenishinda kabisa." Halafu fimbo inatafutwa.

Baadhi ya watoto hawa si watundu kwa kupenda. Wana hali ambayo madaktari huiita ADHD. Katika ukurasa huu tunataka kueleza hali hiyo ni nini, inatoka wapi, na jinsi mtoto mwenye hali hiyo anavyoweza kukua akawa mtu wa kutegemewa. Tumeandika kwa ajili ya kusomwa katika mkutano wa kikundi. Anayejua kusoma awasomee wengine polepole, na mnaposikia jambo linalofanana na la nyumbani kwenu, simameni mlizungumze.

ADHD NI NINI?

ADHD ni hali ya ubongo. Mwenye hali hii anapata shida kuliko wenzake wa umri wake katika mambo matatu: kushika jambo moja akilini mpaka liishe, kutulia mahali pamoja, na kujizuia kabla ya kusema au kutenda.

Tufikirie ubongo kama kundi la mbuzi. Mawazo ni mbuzi, na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ni mchungaji. Mbuzi mmoja akitoka nje ya kundi, mchungaji anampigia mluzi na anarudi. Kwa mtoto mwenye ADHD mbuzi ni wazuri, pengine wana nguvu kupita wa jirani, lakini mchungaji bado ni mdogo. Mbuzi mmoja anakwenda kwa punda, mwingine kwa mpira, na chumvi inasahaulika.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao ya kupiga picha za ubongo wa watoto kwa miaka mingi. Waliona kwamba ubongo wa watoto wenye ADHD unakomaa kwa njia ile ile ya wengine, lakini sehemu nyingi zinachelewa kwa miaka 3 hivi. Tukumbuke jambo hili. Mtoto wa miaka 10 mwenye ADHD, kwa habari ya kukaa kitako na kukumbuka, anaweza kuwa kama mtoto wa miaka 7. Kwa akili ya kuelewa mambo, anaweza kuwa sawa na wenzake au kuwapita.

Hali hii si ngeni wala si "ugonjwa wa Wazungu". Daktari George Still aliwaeleza watoto wa namna hii mjini London mwaka 1902, na watafiti wameikuta katika kila bara walikopima. Kwa jumla, katika watoto 100, kama 5 hivi wanayo. Hiyo ni kusema darasa la watoto 60 linaweza kuwa na watatu.

DALILI ZAKE

Dalili ziko za aina mbili. Za kwanza ni za kukosa umakini: hamalizi kazi, anasahau alichotumwa, anapoteza kalamu na sweta, anaonekana hasikii hata akiitwa kwa jina, anaikimbia kazi inayotaka kukaa na kufikiri kwa muda. Za pili ni za kuchangamka kupita kiasi: hakai kitini, anapanda juu ya kila kitu, anaongea bila kupumzika, hawezi kungoja zamu yake, anaruka barabara bila kutazama.

Watoto wengine wana aina zote mbili. Wengine wana ile ya kwanza tu, na hao tunawasahau. Wasichana wengi wenye ADHD wako katika kundi hili. Yeye hasumbui mtu. Amekaa kimya nyuma ya darasa akitazama dirishani, na mwaka ukiisha tunasema, "Basi, huyu hana akili ya shule, aolewe." Msichana huyo pengine ana akili nzuri kabisa, ila hakuna aliyemtambua.

Daktari hasemi ni ADHD kwa sababu ya siku moja mbaya. Anauliza: Je, dalili ni nyingi? Zimeendelea miezi 6 au zaidi? Zilianza kabla ya miaka 12? Zinaonekana zaidi ya mahali pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni pia? Na je, zinamharibia masomo, urafiki au usalama wake? Mtoto anayesumbua shuleni tu, na nyumbani ametulia, tuanze kwa kuuliza shuleni kuna nini.

SI KILA ASIYETULIA ANA ADHD

Hapa tuwe waangalifu sana. Ziko sababu nyingine zinazomfanya mtoto afanane na mwenye ADHD.

- Njaa na upungufu wa damu. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 watoto wengi wa kaskazini walikwenda shule bila kitu tumboni. Mtoto mwenye njaa hawezi kushika hesabu.
- Masikio na macho. Mtoto anayeitwa "hasikii" pengine hasikii kweli, masikio yanatoa usaha. Apimwe.
- Kifafa cha kimya. Mtoto anakodoa macho kwa sekunde chache, haanguki, halafu anaendelea kama kawaida. Mwalimu anadhani anaota.
- Hofu. Mtoto aliyesikia risasi usiku, au ambaye familia yake ilihama kwa sababu ya wizi wa mifugo, hatulii. Anashtuka kwa kila kelele. Huyu anahitaji usalama na mtu wa kuzungumza naye.
- Malaria ya ubongo. Watafiti waliowafuatilia watoto waliolazwa Mulago, Kampala, walionyesha mwaka 2008 kwamba miaka 2 baada ya kupona, kama mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri au kushika mambo.

Kwa hiyo kikundi kisimpe mtoto jina la ADHD chenyewe. Kazi yetu ni kuona, kusaidia, na kumfikisha kwa mwenye ujuzi.

INATOKA WAPI?

Sababu kubwa ni urithi. Hali hii hupita katika ukoo kama vile urefu unavyopita. Mara nyingi mtoto akipimwa, baba anacheka na kusema, "Lakini hata mimi nilikuwa hivyo hivyo!" Sababu nyingine zinazoongeza uwezekano ni kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo sana, na mama kunywa pombe akiwa mjamzito.

Mama hakuileta kwa kudekeza. Haitoki kwa pepo, wala kwa laana ya mzee aliyekasirika. Kumwombea mtoto ni vizuri, nasi tunaombea watoto wetu wote. Lakini kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumfukiza moshi ili "kitu kimtoke" ni kumwumiza mtoto asiye na kosa.

SOMO KUTOKA KWA WAARIAAL

Ukitoka Isiolo kwa barabara kuu ya kwenda Moyale, utafika Marsabit. Huko wanaishi Waariaal, watu wa mifugo walio jirani na ndugu wa Wasamburu na Warendille. Baadhi yao bado wanahamahama na ngamia, ng'ombe na mbuzi. Wengine wametulia, wanalima na watoto wanakwenda shule.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari ya wanaume wa Ariaal wapatao 150, wa pande zote mbili. Waliwapima uzito na kutazama aina moja ya jeni inayohusika na dopamini. Dopamini ni kemikali ya ubongo inayompa mtu hamu ya kuendelea na kazi. Aina hiyo ya jeni, katika tafiti nyingine, imeonekana mara nyingi zaidi kwa watu wenye ADHD.

Walipata nini? Kati ya wanaohamahama, wenye jeni ile walikuwa na afya ya mwili nzuri zaidi kuliko wenzao wasio nayo. Kati ya waliotulia mahali pamoja ilikuwa kinyume, wenye jeni ile ndio walikuwa wamekonda zaidi. Jeni ni ile ile, ukoo ni mmoja. Tofauti ni maisha wanayoishi.

Tusiongeze chumvi. Watafiti hao hawakupima ADHD, walipima uzito na jeni, na jeni moja haimfanyi mtu kuwa na ADHD. Lakini kuna jambo la kufikiria hapa. Mtu anayesikia kila kitu kinachosogea msituni, asiyechoka kutembea, anayeamua haraka, ni mlinzi mzuri wa mifugo. Mtu yule yule mweke kwenye benchi saa nane kwa siku, atakuwa shida. Basi tukitaka mtoto huyu afaulu, tutazame pia mahali tulipomweka na kazi tuliyompa, tusimtazame yeye tu.

FIMBO HAISAIDII

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, mtoto hufunzwa angali mdogo. Lakini kukunja si kuvunja. Fimbo hudhaniwa kumfundisha mtoto anayejua la kufanya akakataa. Mtoto mwenye ADHD anajua. Linalomshinda ni kulikumbuka kwa wakati wake. Ukimchapa leo kwa kusahau chumvi, kesho atasahau sukari, na sasa ameongeza uongo kwa sababu ya woga.

Tena ni kinyume cha sheria. Kenya ilifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa maneno.

Hatari yenyewe ni hii. Mtoto anayeambiwa kila siku "wewe ni mjinga, wewe ni mbaya" mwishowe anakubali. Anaacha shule, anakwenda mjini, na huko watu wabaya watamkaribisha kwa mikono miwili. Kuacha shule, ajali, ulevi na kushikwa na polisi vimeonekana zaidi kwa wenye ADHD ambao hawakusaidiwa.

NYUMBANI: MAMBO SABA

1. Mtume jambo moja kwa wakati. Usiseme, "Fungia mbuzi, leta maji, uoshe sufuria, halafu umwite dada yako." Sema, "Fungia mbuzi, halafu njoo uniambie."
2. Msogelee kwanza. Mguse bega, mwite jina, akutazame, ndipo umtume. Halafu arudie kwa mdomo wake ulichosema.
3. Katakata kazi. Jerikeni nne za maji ni nyingi. Mbili, apumzike, halafu mbili. Hesabu 20 ni nyingi. Tano, akimbie mpaka kwenye mti na kurudi, halafu tano.
4. Weka ratiba ya kila siku. Kuamka, kuoga, chai, shule, mifugo, kusoma, kulala, kila kitu saa yake. Asiyejua kusoma achorewe picha kwa makaa ukutani.
5. Kila kitu kiwe na mahali pake. Msumari mmoja wa sweta, mfuko mmoja wa vitabu, mlangoni pale pale.
6. Sifu haraka. Akifanya vizuri, mwambie papo hapo. "Umefungia mbuzi vizuri, asante baba." Sifa ya Jumapili kwa kazi ya Jumatatu haimfikii.
7. Adhabu iwe ndogo, ya mara moja, inayojulikana mapema. Amemwaga maji kwa mchezo? Aende kuteka mengine. Yameisha, usiyarudie jioni.

Na mzazi naye apumzike. Kumlea mtoto huyu ni kazi ya watu wawili au watatu. Shangazi au nyanya amchukue siku moja kwa juma, mama apate kupumua.

SHULENI

Mzazi, nenda kwa mwalimu kabla mwalimu hajakuita. Usiende kugombana. Mwambie, "Mwalimu, mtoto wangu ana shida hii, nyumbani tunafanya hivi na inasaidia kidogo. Wewe unaonaje?"

Mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kumshughulikia mmoja siku nzima, lakini yako mambo yasiyomgharimu. Amketishe mbele, mbali na dirisha na mlango. Amfanye ndiye wa kufuta ubao, kugawa vitabu, kupiga kengele, ili kuinuka kwake kuwe na kazi. Ampe swali moja moja, na ampe muda zaidi kidogo kumaliza.

Tena amfundishe kwa kitu anachokipenda. Michael Phelps wa Marekani, muogeleaji aliyepata medali 28 za Olimpiki, 23 zikiwa za dhahabu, alipimwa na kuonekana ana ADHD akiwa na miaka 9. Hesabu zilimchosha, basi mama yake akaomba zitungwe hesabu za kuogelea. Kwetu hapa tuseme: mbuzi mmoja ameuzwa shilingi 6,500, wanne ni ngapi? Mtoto aliyezoea soko la mifugo hataota kwa swali hilo. Hatusemi kila mtoto wetu atakuwa bingwa wa dunia. Tunasema mama huyo alitafuta mlango uliokuwa wazi.

ANAPOKUWA KIJANA

Wengi hawaiachi hali hii utotoni. Kukimbiakimbia kunapungua, lakini kusahau, kuchelewa, kuacha kazi nusu na kukasirika haraka kunaweza kubaki. Kijana akijua hali yake, anaweza kuipangia. Simu ya kawaida ina kengele. Aitumie kwa kila jambo la siku. Aandike ahadi zake. Pesa za boda aziweke kwa simu jioni ile ile, kabla hajazikuta zimeisha. Achague kazi yenye mwendo: biashara ya mifugo, ufundi wa jua kali, kuongoza wageni, udereva akiwa amejifunza vizuri na kofia ngumu iko kichwani.

Kuhusu miraa tuseme wazi, kwa sababu hapa inapita kila siku. Ndani ya jani kuna kemikali iitwayo kathinoni, ya jamii moja na dawa za kuchangamsha ubongo. Kwa hiyo wengine husema, "Nikitafuna ndipo akili inatulia." Pengine wanasema kweli kwa saa mbili. Lakini jani halina kipimo. Linamwondolea usingizi na hamu ya chakula, na pesa ya nyumba inakwenda. Kijana asiyelala kesho yake hatulii zaidi ya jana, naye anarudi kwa jani. Afadhali aende akapimwe.

HOSPITALI NA DAWA

Anzeni kwa zahanati iliyo karibu, mtoto apimwe macho, masikio, damu na uzito. Halafu ombeni barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo, na mwulize ni wapi mnaweza kumwona daktari wa watoto au wa akili. Njia ya pili ni upande wa elimu. Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kwa herufi EARC. Ulizeni ofisi ya elimu.

Dawa zipo, na huwasaidia wengi kutulia zikiwa kazini mwilini, ingawa haziiondoi hali yenyewe. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuanza kwa kuwafundisha wazazi na walimu, na kutompa dawa hizo mtoto aliye chini ya miaka 6. Zinaweza kupunguza hamu ya chakula, kwa hiyo mtoto aliyekonda lazima apimwe uzito kila mara. Usinunue kwa mtu, wala usimpe mtoto wako dawa ya mtoto wa jirani.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, kikundi kinaweza kumsindikiza mama mmoja kwa mwalimu. Wakienda watatu, wanasikilizwa. Pili, nauli ya kumpeleka mtoto kupimwa inaweza kutoka katika mfuko wa dharura, kama mnavyofanya kwa mgonjwa mwingine. Tatu, acheni majina ya kumdhalilisha mtoto. Hilo halina gharama.

Nne, tazameni ndani ya kikundi chenyewe. Pengine kuna mwanachama ambaye kila mara anasahau mchango, anachelewa, anakatiza wenzake, na mmechoka naye. Kabla ya kumfukuza, mpeni mtu wa kumkumbusha jioni ya kabla ya mkutano. Msimpe kitabu cha pesa. Mpeni kazi ya kuwatembelea wanachama, kutafuta wanunuzi, kuanzisha jambo jipya. Huenda mkashangaa mlikuwa na mfanyakazi mzuri, mlimpa tu kazi ya mtu mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Katika kijiji chetu, mtoto asiyetulia anaitwa nani? Jina hilo linamfanyia nini?
- Je, kuna mtoto aliyeacha shule mwaka huu? Kuna yeyote kati yetu aliyemwuliza kwa nini?
- Ni kazi gani hapa kwetu zinazomfaa mtu asiyependa kukaa mahali pamoja?
- Ni jambo gani moja kati ya yale saba tutakalojaribu nyumbani wiki hii? Mkutano ujao kila mtu alete habari.